Saa ya Mwalimu

Kila mara Mama Posho alipotaka kuwasha mashine yake ya kusaga, aligonga ukuta mara tatu kwanza. Upande wetu wa ukuta huo, sisi wanafunzi sita tuliacha kila kitu, tukahifadhi kazi zetu na kuondoa mikono kwenye kibodi. Taa ilififia, mota ikanguruma, kompyuta moja au mbili zilizo dhaifu zikazima na kujiwasha upya. Mwalimu, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alingoja taa irudiwe na nguvu kisha akasema, "Haya, tumevuka." Wageni waliokuja kuulizia kozi walidhani ni aina fulani ya sala.

Darasa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya posho mill mjini Busia, na unga ulitufikia hata dirisha likifungwa. Kila Ijumaa tulifungua kompyuta na kuzipuliza kwa pampu ya baiskeli, halafu tukaenda nyumbani na nywele nyeupe. Mama yangu kule Namboboto alikaa muda mrefu akiamini najifunza kuoka mikate.

Huyu ninayemwita Mwalimu ana jina lake, na watu wa kwao Kocholia wanalijua. Mimi sikuwahi kulitamka mbele yake na sitaanza leo. Ukoo wake na mahali alipozaliwa waulizwe wao. Mimi namjua kuanzia mlango wa chumba kile.

Niseme jambo moja mapema, kwa sababu mimi nililijua nikiwa nimechelewa na mpaka leo linaniudhi. Katika miaka hii ya karibuni Mwalimu alikuwa akipoteza macho. Ilikuwa presha ya macho, ile inayoanza kula pembeni polepole, na alipokwenda hospitali aliambiwa kwamba kilichopotea hakirudi. Akatuficha sote. Kimyakimya akaanza kutengeneza programu ya kumsomea skrini kwa sauti, akishindana na macho yake. Programu ikikubali, angebaki fundi. Ikikataa, angerudi nyumbani kukalia kiti na kusalimiwa na wapita njia. Shika hilo unaposoma haya mengine, kwa sababu mimi sikuwa nalo.

Kazi iliyomfanya ajulikane na watu wachache wanaojali mambo hayo ilikuwa kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake. Watu wengi hupakua programu iliyokwisha kuundwa, wanabonyeza mahali, basi. Kompyuta za Mwalimu zilikuwa kuukuu mno kwa hilo. Programu za tayari zilizikataa, kwa hiyo alichukua msimbo wenyewe, yale maandishi ya waliobuni programu, akayageuza upya mpaka yakakubaliana na mashine zake. Mgeni akiuliza hiyo ni kazi gani, Mwalimu alinyoosha kidole ukutani.

"Kuna mtu ananunua unga kwa duka, na kuna mtu anabeba mahindi kwa Mama Posho. Sisi ni watu wa mahindi."

"Lakini Mwalimu, unga wa duka si ni rahisi?"

"Rahisi, lakini umesagiwa tumbo ya mtu mwingine."

Usagaji huo hufanywa na vyombo kadhaa. Kimoja husoma orodha ya kazi, cha pili hugeuza faili moja moja, cha tatu huunganisha vipande. Na vyombo hivi hugoma. Vikigoma hutema mistari mia tatu ya Kiingereza ambacho hata Mwingereza angekikimbia, halafu vinanyamaza. Wenzangu wengi waliikimbia kozi siku hiyo hiyo ya kwanza kugomewa. Mwalimu, kinyume chake, alivuta kiti. Uso wake ulichangamka kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani.

Sisi wote tulikuwa na ugonjwa mmoja, wa kusoma mstari wa mwisho. "Mwalimu, imesema Error one."

"Huo ni mkia. Unaniletea mkia ya ng'ombe, unataka nikuambie anaumwa nini? Kichwa iko wapi?"

Basi unapanda juu, mstari kwa mstari, mpaka kwenye kosa la kwanza kabisa. Yaliyobaki yote, alituambia, ni watoto wa lile la kwanza, na hakuna haja ya kugombana na watoto. Na hukuruhusiwa kupanda kimya. Ulimsomea jirani yako kwa sauti, kila neno, kabla hujagusa kibodi. Mtu akisoma kimoyomoyo, Mwalimu alisema, anasoma anachotaka kiwepo. Chumba kizima kilikuwa kikivuma kama darasa la chekechea, na mchanganyiko wa Kiteso, Kisamia na Kiingereza cha mashine uliwachekesha wateja wa Mama Posho waliokaa nje na madebe yao.

Halafu kulikuwa na daftari la makosa. Kila mwanafunzi alikuwa na lake, lenye safu tatu zilizopigwa kwa rula: ilisema nini, nilidhani nini, ilikuwa nini. Mwalimu hakuzijali sana safu ya kwanza na ya tatu. Aliipenda ile ya katikati. Jioni alikusanya madaftari, akayasoma huku akicheka peke yake, na keshoye akakutazama kwa huruma ya kukuudhi. Wakati ule niliona ni dharau. Siku hizi ninapofundisha mtu, naangalia safu ya katikati kwanza.

Daftari langu lina ukurasa mmoja ambao bado unanitia aibu. Nilikuwa na miezi miwili tu pale. Nilikuwa najenga programu ndogo ya kupanga picha, na kila nilipoanza, vyombo vilisaga kidogo, vikarudi mwanzo, vikasaga, vikarudi mwanzo, bila kufika popote. Siku tatu! Nilibadilisha kila kitu kilichobadilishika. Nililaumu kompaila, kile chombo cha kugeuza faili, nikalaumu flashi iliyoleta msimbo, nikafikia kulaumu unga wa Mama Posho. Mwalimu alipita nyuma yangu na chai yake, hasemi neno. Siku ya tatu akainama begani kwangu.

"Mtu wa samaki," aliniita hivyo kwa kuwa sisi Wasamia kwake wote ni wavuvi, ingawa nyumbani kwetu tunalima mihogo. "Leo ni tarehe ngapi?"

Nikamwambia.

"Uliza hiyo kompyuta."

Nikatazama pembeni mwa skrini. Kulingana na kompyuta ile, mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, inayoifanya ikumbuke saa hata umeme ukikatika. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine huamka ikiwa imerudi miaka mingi nyuma. Na vyombo vya kujengea huamua kipi kisagwe kwa kulinganisha nyakati za faili: mahindi yakiwa mapya kuliko unga uliopo, saga, yakiwa ya zamani, pita. Ukiviharibia saa, vinachanganyikiwa na havina njia ya kujua vimechanganyikiwa. Huwa vinanung'unika kwenye mstari wa kwanza tu, kwamba faili fulani limetoka katika wakati ujao. Mstari huo nilikuwa nimeupita mara hamsini.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya chumba kile ilikuwa "Saa kwanza." Kila asubuhi, kabla ya salamu, Mwalimu alipita kompyuta moja baada ya nyingine, akauinua mkono wa kushoto mpaka karibu na uso, akalinganisha saa yake ya mkononi na ile ya pembeni mwa skrini. Saa yake ilikuwa ya kutia ufunguo, mkanda wa ngozi umekauka, na aliiweka sawa kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari. Simu zetu hakuziamini hata kidogo. "Hiyo simu yako," alisema, "ikisogea hivi kidogo tu inakuambia karibu Uganda, na wewe uko Kenya umekaa. Haijui hata iko wapi, itajua ni saa ngapi?" Saa yake haikubishiwa. Ikisema ni saa mbili na robo, basi sote tulikuwa saa mbili na robo.

Na mtu huyohuyo wa saa aliimba besi kanisani akiwa nyuma ya wenzake kila mara, tena kwa nguvu, tena amefumba macho. Kwaya ilikuwa ikimaliza beti, inamngoja. Mtu huyohuyo aliyetulazimisha kusoma kila mstari hakuwahi kusoma karatasi ya dawa. Alimeza vidonge vya malaria kwa kukadiria.

"Mwalimu, hapa wameandika unywe baada ya chakula."

"Hiyo ni documentation. Imeshapitwa na wakati."

Alikuwa mvumilivu kwa mashine kupita kiasi na hakuwa na uvumilivu hata kidogo kwa chai iliyopoa. Alitufokea kwa kuacha nyaya sakafuni, na meza yake mwenyewe ilikuwa jaa la nyaya. Nilimpenda hivyohivyo. Baba yangu alinifundisha kulima na sikumwelewa. Mwalimu alinifundisha kukubali kwamba nimekosea bila kujiona mjinga, na hilo ndilo limenilisha.

Nilipomaliza nikapata kazi Malaba, ofisi inayoshughulikia makaratasi ya malori yanayovuka. Kompyuta zao zikigoma, wananiita mimi. Nilikuwa nakwenda Busia Jumamosi mojamoja kumsalimia, na kila nilipokwenda nilikuta kitu kimebadilika. Aliacha baiskeli, akasema ni magoti. Aliacha kuchukua wanafunzi, akasema anapumzika. Aligomba sana nilipokisogeza kiti. Siku moja alinimiminia chai mpaka ikafurika mezani, akakilaumu kikombe. Na kila kilichoandikwa alisema, "Nisomee." Lakini si amesema hivyo maisha yake yote? Alikuwa amejenga maficho yake muda mrefu kabla hajayahitaji, na sisi tukayaona ni desturi ya darasa.

"Kuna mtu Kocholia haoni," aliniambia Jumamosi moja. "Namtengenezea programu imsomee screen. Ile sauti yake ya kwanza inasema ng'ombe kama mtu amemeza mfupa. Naibadilisha iongee kama watu."

"Ni nani huyo?"

"Humjui."

Nikaamini. Nilikunywa chai yangu, nikaamini, nikarudi Malaba.

Mwezi uliopita Mama Posho alinipigia simu. Yeye ni wa ng'ambo ya mpaka, ameolewa upande huu miaka mingi, na hapendi kuzunguka.

"Dada, wewe wa Malaba. Mwalimu wako hanywi chai."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ile kitu yake imekataa wiki mbili. Mimi namsomea hapo kwa screen na sijui hata nasoma nini, banange. Sasa anasema ikimshinda anafunga, mimi nichukue chumba niweke magunia. Kuja."

"Unamsomea? Kwani yeye?"

"Haukujua?" akasema. "Macho si zilikwisha."

Nilimkuta Jumamosi asubuhi amekaa mbele ya kompyuta ileile ambayo zamani ilikuwa yangu, uso umeelekea skrini, mikono magotini. Kwenye kona ya meza kulikuwa na kikombe kilichofunikwa kwa sahani.

"Mtu wa samaki. Umekuja kunihurumia?"

"Nimekuja kuona ng'ombe."

Akacheka kidogo, na habari ya macho tukaiacha hapo. Alinieleza kwa mpangilio, kama alivyotufundisha kueleza. Programu ilikuwa imekubali kusagika mara ya kwanza, ikawa na ile sauti ya kumeza mfupa. Akaandika sehemu mpya za matamshi, kwa kupapasa kibodi, na Mama Posho akamsomea herufi kwa herufi kuhakikisha. Tangu hapo vyombo vinasaga vizuri mpaka mwisho, kwenye kuunganisha, halafu vinasema sehemu hizo mpya havizijui.

"Na ziko," alisema. "Nimeziandika kwa mkono wangu. Ziko." Sauti yake ilitetemeka kwenye neno la mwisho na mimi nikajifanya natafuta mahali pa kuweka mkoba. "Hii ikinishinda, mimi sina kitu kingine najua kufanya."

Nikakaa. Nilitaka sana kuwa hodari siku hiyo. Nikachunguza toleo la kompaila, nikachunguza maktaba za sauti, nikafungua faili alizoandika. Zilikuwa safi kuliko zangu. Saa nzima ikaenda.

"Unafanya nini?" akasema. "Nasikia vidole, sisikii mdomo. Endesha upya, unisomee. Kutoka juu."

Hapo nikapata wazo la kuuliza. "Mama Posho alikuwa anakusomea kutoka wapi?"

Mama Posho alikuwa mlangoni, kanga yake imejaa unga. "Si hapo chini, mahali inasimama," akajibu. "Si ndiyo mahali inasema shida?"

Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Kwa wiki mbili alikuwa akiletewa mkia.

Nikaendesha upya, nikapanda hadi juu kabisa, nikaanza. "Onyo," nikasoma, nikimtafsiria. "Faili hili lina tarehe ya wakati ujao." Nikatazama pembeni mwa skrini, ingawa sikuwa na haja ya kutazama.

"Endelea."

"Mwalimu..."

"Nimesema endelea."

"Saa, Mwalimu."

Mama Posho alikuwa ameniambia kwa simu kwamba macho yamekwisha, na nilikuwa nimesikia, lakini ni pale ndipo nilipoelewa. Mtu yule alikuwa amezitazama saa za kompyuta kila asubuhi kabla hata ya kutusalimia. Umeme ulikuwa umekatika siku fulani, betri ya ndani ikawa imekufa, kompyuta ikaamka zamani, na pembe ile ya skrini kwake ilikuwa giza tupu. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kimya, nikijua kwamba hawezi kuniona, na hilo likanifanya nilie zaidi.

Yeye alikuwa akipiga hesabu yake. "Kwa hivyo nimeleta mahindi mpya," akasema polepole, "yeye anaona tarehe, anasema hii ni ya zamani, unga iko."

"Akayapita."

"Akayapita." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Chukua daftari. Safu ya katikati, andika: Mwalimu alidhani ni compiler. Andika kubwa."

Nikarekebisha saa, nikafuta unga wote wa zamani, tukaanza kusaga upya kutoka punje ya kwanza. Kwa kompyuta ile ilikuwa kazi ya saa mbili, na haikutakiwa kuzimika katikati. Nje wateja walikuwa wamefika na madebe yao. Nikamsikia Mama Posho akiwaambia kwamba mashine haiwashwi mpaka Mwalimu amalize yake.

"Mama, na watoto watakula nini?" mwanamume mmoja akalalamika.

"Watakula ukienda nayo kwa mashine ingine, boss. Njia ni hiyo."

Hakuna aliyeondoka. Mistari ilipopita yote na mstari wa mwisho ukawa hauna kosa, nikamsomea huo nao, kwa sauti. Mwalimu akasimama, akafuata ukuta kwa kiganja, akagonga mara tatu. Tangu nijue chumba kile, hakuna aliyewahi kugonga kutokea upande wetu. Taa ikafifia, mota ikanguruma, kompyuta ikazima ghafla, na sisi hatukujali, kazi ilikuwa imehifadhiwa. Wakati madebe yakisagwa nilikwenda kununua betri mpya kwa fundi simu, nikaipachika, nikaweka saa sawa kwa simu yangu. Yeye aliomba chai, akasema imepoa, akainywa.

Mota iliponyamaza, nikampa kiti. Vidole vyake vikatafuta herufi. Nilidhani ataiambia programu isome faili zake, au jina lake. Akaiomba saa.

"Saa nane na dakika kumi na tisa mchana," sauti ikasema, ya kikwaruzo kidogo, lakini ya mtu wa huku.

Kwa mazoea ya miaka yote ile, akauinua mkono wa kushoto mpaka karibu na uso ili alinganishe. Ukakaa hapo. Halafu akaunyoosha mkono upande wangu.

"Niangalizie."

Nikaangalia. Niliwaza kumdanganya, kwa muda mfupi tu.

"Ni yako imechelewa, Mwalimu. Dakika saba."

Akapapasa mkanda wa ngozi, akaufungua, akaitia saa kwenye kiganja changu.

"Basi irekebishe," akasema, "uifuatishe hiyo."

Nikairekebisha, nikamfunga mkononi.